Suruali Mpya ya Mizani

8 Februari

Mama yangu,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Dereva wa lori ameniambia ulimfokea kwa kuchelewa kufunga magunia, nikajua u mzima, maana ukiumwa huwa hufoki. Sisi huku hatujambo. Mdogo ameota jino la pili na analitumia kuniuma mimi. Kaka yake, Bwana Maswali, alitumbukiza simu yangu kwenye ndoo ya kufulia aone kama inajua kuogelea. Haijui. Kwa hiyo ukimtuma mtu anipigie asinipate, usianze kulia. Tuandikiane tu, lori linapita kila wiki. Baba watoto anakusalimu, bado yupo kiwandani kwenye unga, anarudi mweupe mpaka kope.

Uliniuliza kama bado naendelea na "ile kazi ya bure". Naendelea, mama. Ni Alhamisi ya kwanza ya kila mwezi tu, ingawa Alhamisi yenyewe ina mikia mingi. Tunapima watoto wadogo wa mitaa yetu sita katika chumba cha nyuma cha zahanati. Tuko watatu: nesi, mwalimu mstaafu ambaye anaandika kwenye kadi kwa ule mwandiko wake wa ubaoni, na mimi. Mimi ndiye wa mizani. Ni ile yenye uso kama wa saa, inaning'inia kwenye boriti. Chini ina ndoano, na kwenye ndoano tunatundika suruali ya kitambaa yenye matundu mawili ya miguu. Mtoto anavalishwa, anabembea hewani, mshale unasema kilo zake, naye anasema ya kwake kwa kupiga kelele.

Sitakudanganya kwamba sichoki. Kesho yake mgongo unanidai. Mteja wangu wa gauni la mistari amekuja mara mbili Alhamisi akakuta mlango umefungwa, mara ya tatu sijui kama atakuja. Juzi nilisinzia juu ya cherehani nikashona mkono wa blauzi mahali pa shingo. Baba watoto alicheka mpaka akakaa chini.

Lakini kuna msusi mmoja, msichana tu, umri kama wangu, ana binti wa miezi saba. Wanamwita Njugu kwa udogo wake. Kwenye kadi yake alikuwa chini kabisa ya mstari wa uzito unaotakiwa. Mwezi wa kwanza niliona mshale nikamwambia nesi, nesi akamwingiza kwenye orodha ya unga wa lishe. Orodha ina nafasi kumi na mbili tu kwa mitaa yote sita. Alhamisi hii Njugu kafika kilo tano na gramu mia nane. Bado yuko chini, lakini anapanda. Mama, mimi ndiye niliyemwona! Nisingesimama pale, nani angemwona?

Sasa nina ombi. Suruali ya mizani imechakaa. Juzi kamba moja ilikatika, mtoto wa kinyozi akabaki ananing'inia kwa paja kama kuku wa sokoni. Nataka kushona mpya, imara. Huko kwenye magunia hukosi kipande cha turubai.

Mwanao


17 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Goti ni lile lile, limezoea kulalamika kama wateja wangu. Mwambie Bwana Maswali bibi anauliza kama na yeye anajua kuogelea kwenye ndoo.

Barua yako nimeielewa. Wewe ndiye hujaielewa. Mimi nimeuza maharage na mchele miaka ishirini na sita, na sijaona mtu anayesimama kwenye mizani kutwa nzima halafu anarudi nyumbani mikono mitupu. Umesahau ulipomzaa Mdogo? Damu ilikuwa imekwisha, midomo imekupauka, daktari akasema upumzike mwaka mzima. Mwaka haujafika hata nusu. Una watoto wawili, una mume wa kufuliwa unga, una cherehani, halafu unajiongezea watoto wa mitaa sita. Nani atakupima wewe?

Na nikwambie kitu. Watu wakikuona unajitolea, hawasemi asante. Wanasema, "Afadhali yeye ana nafasi." Wakizoea, siku ukikosa kufika wanakununia kama wao ndio waliokuajiri. Nimeyaona hapa sokoni. Mama wa nyanya alikuwa anafagia choo cha wote kwa moyo wake. Alipougua wiki mbili, wakamjia kumuuliza mbona choo kichafu! Hawakuuliza hata homa.

Maliza mwezi huu, uage vizuri, urudi kwenye cherehani yako.

Turubai nimempa dereva. Nimelikata mwenyewe, lile zito la kufunikia mzigo, halipitishi maji wala lawama. Nimeweka na pete nne za chuma, kamba zisikatike tena. Ukishona, rudia mshono mara mbili. Usinielewe vibaya, sijakubali. Sitaki tu mtoto wa mtu aanguke.

Mama yako


8 Machi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, shikamoo tena, na ya tatu ni ya turubai. Goti nalo nalisalimu. Sisi wazima kupita kiasi. Mdogo anatambaa kinyumenyume, akitaka kitu anaenda mbali nacho, halafu analia.

Mama, ungekuwepo! Suruali niliishona siku nne, watoto wakilala mchana. Sindano mbili zimevunjika. Nilizungushia pindo jekundu, nikapachika pete zote nne, na mkanda wa kifuani mtoto asichomoke. Ingeweza kumbeba hata baba watoto.

Alhamisi nilifika wa kwanza. Nikafagia, nikatundika mizani na ile suruali kuukuu, nikazungusha skrubu ya kichwani mpaka mshale ukatulia kwenye sifuri, kama tulivyofundishwa. Ile mpya niliificha kwenye mfuko. Nilitaka wote wafike kwanza. Nisamehe mama, nilitaka wanione.

Chumba kilipojaa nikapanda kwenye kiti, nikaivua kuukuu, nikatundika mpya. Mke wa kinyozi alipiga kigelegele mpaka watoto wakaanza kulia kabla ya zamu yao. "Fundi, hiyo suruali ni ya kwenda harusini!" Mmoja akauliza kama nina saizi yake.

Basi tukaanza. Na wewe ambaye unasema narudi mikono mitupu, sikiliza. Watoto wote wameongezeka! Sitini na wawili, hakuna hata mmoja aliyebaki palepale. Mtoto wa kinyozi, aliyekwama miezi mitatu, kapanda karibu nusu kilo. Mwalimu aliandika mpaka akavua miwani akaipangusa, akasema, "Tangu nianze kushika kalamu sijaona darasa limefaulu lote." Nesi akatupongeza mbele ya kila mtu, akaandika ripoti, akasaini.

Na Njugu? Kilo sita na nusu. Kapita mstari! Nesi akamtoa kwenye orodha ya unga, nafasi yake kapewa mtoto mwingine aliyekuwa anasubiri. Msusi alilia, akanikumbatia pale pale na Njugu katikati yetu. Jioni alikuja nyumbani kunisuka bure, hakutaka kusikia hapana. Nakuandikia nimesukwa, kichwa kinauma kwa raha.

Ulisema niage. Mama, nakuheshimu, lakini siagi. Chumba kizima kiliniangalia kama mtu wa maana. Kwenye cherehani hakuna anayeniangalia hivyo, wananiangalia kama wamechelewa.

Mwanao, fundi wa harusini


15 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mengine baadaye.

Nimesoma barua yako mara tatu nikiwa nimekaa mbele ya mizani yangu. Nijibu hili moja. Ulipoivua suruali kuukuu ukatundika mpya, uliurudisha mshale kwenye sifuri?

Watoto sitini na wawili hawanenepi wote mwezi mmoja. Hata maharage yangu hayafanani hivyo. Turubai lile nalijua uzito wake, nimelibeba, na pete nne ni chuma. Mimi nikibadilisha beseni la kupimia bila kurudisha mshale, mteja anapimiwa maharage pamoja na beseni. Ninaogopa umewapima watoto wa watu pamoja na suruali.

Nenda kaipime ikiwa tupu. Usingoje Alhamisi. Na huyo Njugu, mtazame kwa macho.

Nimekwenda kwa jirani mwenye simu, ya kwako bado imezama. Dereva nimemwambia asisimame njiani hata kunywa chai.

Mama yako


27 Machi

Mama,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama. Ya huku nitakueleza, nivumilie, naandika kidogo kidogo.

Ni gramu mia nne.

Barua yako ilinifikia Ijumaa asubuhi. Nilimfunga Mdogo mgongoni, nikaenda zahanati, nesi akiwa kwenye chakula. Nikatundika kuukuu, nikaweka sifuri. Nikaivua, nikatundika mpya, tupu, hakuna mtoto ndani. Mshale ukatembea ukasimama kwenye mia nne. Niliuangalia kama mtu anayengoja useme ulikuwa unatania. Haukusema.

Nitakwambia na la aibu. Nilikaa kwenye benchi nikatafuta njia. Ningeweza kuweka sifuri vizuri mwezi ujao na kunyamaza. Watoto wangeonekana hawakukua, tungesema ni kuharisha kwa msimu, mwalimu angeandika, yangepita. Tungejua wewe na mimi tu. Nilikaa na wazo hilo muda wa kumnyonyesha Mdogo titi moja. Halafu nikakumbuka kwamba nafasi ya Njugu kapewa mwingine, na kwa wiki mbili yule mtoto hajaonja unga. Nikainuka kabla Mdogo hajashiba, akanipigia kelele njia nzima.

Saluni ilikuwa imefungwa. Jirani akasema msusi hajafungua siku tatu, mtoto anaharisha. Nikaenda chumbani kwake. Njugu alikuwa amelala kitandani, mama. Uliniambia nimtazame kwa macho. Macho yake yalikuwa yameingia ndani, na nilipomfinya ngozi ya tumbo ilibaki imesimama.

Msusi akasema, "Ni meno tu. Si ulisema mwenyewe amepita mstari?"

Nikasema, "Nilikosea. Nilimpima pamoja na uzito wa suruali. Hakupita. Twende zahanati sasa hivi."

"Ulikosea vipi?"

"Twende, nitakueleza njiani."

Hakuinuka. Akaniangalia kichwani, zile nywele alizonisuka mwenyewe. "Nilikushukuru," akasema. "Nilikuja mpaka kwako nikakushukuru." Kisha akambeba mtoto, akanipita mlangoni bila kunigusa. Nilimfuata nyuma kama mtu anayedaiwa.

Kilo tano na gramu mia saba, kwa sifuri ya kweli. Nesi aliita gari la wagonjwa, wakapelekwa hospitali kubwa. Gari lilipoondoka ndipo nikamweleza yote. Akasema, "Ingia ndani, funga mlango." Nikamwambia, "Nesi, naomba tuuache wazi. Akina mama wa kliniki wamekaa hapo nje. Wakisikia kwa watu watasikia vingine." Akasema, "Basi na mimi wanisikie. Sikuiangalia sifuri, na ile ripoti nimeisaini mimi." Tukawaambia pamoja. Mwalimu alipopata habari alikuja na kadi zote kwapani, akasema anafuta kwa mkono wake mwenyewe, kwa wino mwekundu.

Tukapita nyumba kwa nyumba siku tano, watoto wote sitini na wawili. Baba watoto aliomba ruhusa kiwandani siku mbili akabeba mizani. Tulitundika kwenye fremu za milango, na mahali pengine kwenye bomba la kuanikia nguo. Kila mlango nilisema maneno yale yale: nilibadilisha suruali sikurudisha sifuri, kosa ni langu, naomba tumpime tena. Mke wa kinyozi alicheka mpaka akashika ubavu: "Kumbe mwanangu alinenepa suruali!" Nilitaka kumbusu. Wengine hawakucheka. Mmoja alitufungia mlango, akasema kwa dirishani, "Nendeni mkajifunzie kwa watoto wenu." Mwingine alisema ndiyo maana hatulipwi, kwa kuwa hatujui kitu. Hilo liliniuma kuliko mlango.

Tumepata wengine wanne walio chini ya mstari. Nesi ameandika barua ya kuongezewa nafasi za unga, na wamekubali, watano wote wameingia.

Njugu yupo wodini siku ya saba. Ana mrija puani. Msusi hataki kuniona. Napika uji kila asubuhi, namwachia mlinzi wa getini, nakuta chombo kimeoshwa. Sijui kama ni yeye anayekiosha. Sijui kama mtoto atapona.

Nesi ameniambia niamue mwenyewe kama nitakuja Alhamisi ijayo. Nimemwambia nitakuja. Najua utakachosema. Mama, nakuomba kwa heshima zote, usikiseme. Nimechoka mpaka meno, lakini nikiondoka sasa nitakuwa nimewaachia kosa langu walipime wao.

Mwanao


4 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, mwanangu. Marahaba sana.

Sitakisema. Kilikuwa mdomoni, nimekimeza na chai.

Badala yake nitakwambia kitu ambacho baba yako hakukijua mpaka anaingia kaburini. Umejiuliza mbona niliiona suruali yako nikiwa mbali hivi? Wewe ulikuwa unanyonya. Nilinunua beseni jipya, la bati zito, zuri, lina maua. Nililitundika nikauza nalo, na sikuurudisha mshale. Nilipogundua, ulikuwa umepita mwezi mzima. Wateja wangu wote, wengine wana watoto wengi kuliko vidole, walikuwa wamepunjwa kila siku. Nilifanya nini? Nilirekebisha mshale asubuhi na mapema, nikapanga maharage yangu, nikanyamaza. Nilijiambia nina mtoto mchanga, nitakula nini wakinikimbia. Hakuna aliyejua. Mpaka leo wananiita "mama wa kipimo". Wakiniita hivyo huwa najifanya natafuta kitu chini ya meza.

Kwa hiyo lile benchi ulilokaa, mimi nimelikaa miaka yote hii. Wewe umeinuka kabla mtoto hajashiba.

Ninakuonea fahari mpaka goti limesahau kuuma. Jana nilimsomea mama wa nyanya barua yako, pale uliposema "tuuache wazi". Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akasema, "Huyu uliyemzaa kautoa wapi huo uso?" Nikasema sijui, kwangu hakuutoa.

Lakini mimi ni mama yako na siwezi kukuacha hivyo hivyo. Kula maini. Lala mchana watoto wakilala, nguo za watu zingoje. Na nguo zenye unga afue mwenye unga.

Niandikie habari za mtoto. Usinifiche, hata ikiwa mbaya.

Mama yako


26 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Watoto hawajambo? Lori limekuja mara tatu bila barua. Dereva anasema alikuona mlangoni, ulimpungia mkono, ukasema "bado". Bado nini?

Safu nzima ya wauza nyanya inaniuliza asubuhi hali ya Njugu, na mimi sina la kuwaambia. Mwuza vitunguu amefunga saumu siku mbili, na hata hamjui mtoto mwenyewe. Ikiwa amefariki, niambie nije nikae nawe. Nimeshafunga mzigo.

Mama yako


10 Mei

Mama yangu,

Shikamoo. Fungua mzigo. Na mwambie mwuza vitunguu ale.

Nisamehe kwa kukaa kimya. Kila nikishika kalamu nilikuwa na habari za kusikia tu: mara anakunywa, mara anatapika, mara ametolewa mrija. Nilishakuandikia mara moja habari nzuri isiyo ya kweli. Sikutaka kukuandikia tena mpaka niwe na kipimo nilichokiona mimi mwenyewe. Maini nakula. Baba watoto anafua, sabuni inakwisha mara mbili ya kawaida lakini anafua.

Alhamisi ya Aprili walikuja kumi na tisa. Kumi na tisa kati ya sitini na wawili, mama. Benchi lilikuwa refu sana siku ile. Nilipotaka kumpandisha mtoto wa kwanza, mke wa kinyozi, yule yule wa kigelegele, akanyoosha kidole: "Ngoja, fundi. Tuonyeshe kwanza ikiwa tupu." Masikio yalinichoma. Mwalimu akataka kunitetea, nikamzuia. Nikamrudisha mtoto kwa mama yake, nikaachia mikono, nikasogea pembeni wote waone. Mke wa kinyozi akainama, akasoma, akasema kwa sauti: "Sifuri." Ndipo nikampandisha.

Nilirudi nyumbani nimevimba moyo. Nilikasirika, nakwambia kweli. Nilikuwa nimewaomba radhi mlango kwa mlango, bado wananikagua kama mwizi? Nikashona mchana wote kwa hasira, na mshono wa hasira huwa haunyooki, nikaufumua. Nikiufumua nikaona hivi: hapa mimi nafumua kwa kuwa nimeukagua mwenyewe. Kwa nini wao wasikague cha kwao? Siku iliyofuata nikamwambia nesi, kuanzia mwezi ujao, kabla ya kila mtoto, suruali inaning'inia tupu na mama mwenyewe ndiye anayesoma. Asiyejua namba nitamwonyesha pale mshale unapotakiwa kusimama. Nesi akasema tutachelewa. Nikamwambia tutachelewa.

Juzi Alhamisi walikuja hamsini na wanane. Mama, ungesikia! "Sifuri!" anasema mama mwenye zamu. Na foleni nzima nyuma yake inaitikia "Sifuri!" kwa nguvu, mpaka wagonjwa wa mbele walikuja kuchungulia kuna nini. Watoto wakubwa nao wanapaza sauti. Bwana Maswali alikuwa ameketi chini ya meza ya mwalimu, akaniuliza, "Mama, mbona wanafurahia kitu ambacho hakipo?" Mwalimu alisema hilo swali ni la kidato cha nne.

Msusi alikuja mwisho kabisa, chumba kimebaki na sisi watatu na wanawake wawili wanaovalisha watoto. Njugu alikuwa mgongoni kwake, amevaa kofia. Walilazwa siku kumi na tisa, na tangu watoke hospitali nesi mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwapelekea unga. Mimi sikuwa nimemwona tangu ile siku ya gari. Hakunisalimu, nami sikumlazimisha. Nilikuwa nimemwomba radhi mara mbili kwa mdomo siku ile ile ya gari, na mara moja kwa barua. Nilishaamua ya nne sitaiomba, isije ikawa namwomba anitulize mimi.

Nikasogea pembeni ya mizani. Akasimama mbele yake, akaangalia muda mrefu kuliko wote.

"Sifuri," akasema. Hakuna aliyeitikia. Wale wanawake wawili waliacha kuvalisha.

Akamvua Njugu nguo, akamvua kofia. Kisha akanyoosha mikono akanipa. Sikutegemea, nilidhani atampandisha mwenyewe. Njugu ni mzito sasa, mama. Mkono ulijua kabla ya mshale. Nikampitisha miguu kwenye matundu, nikafunga mkanda wa kifuani. Akabembea, akashika lile pindo jekundu, akalitia mdomoni.

"Kilo sita na gramu mia sita," nikasema.

Msusi akasema, "Mtoe. Rudia."

Nikamtoa. Suruali ikabaki tupu, akainama akasoma, "Sifuri." Nikampandisha tena. Njugu alikuwa ameanza kukasirika.

"Kilo sita na gramu mia sita."

Alisogea karibu mpaka pumzi yake ikagusa kioo, akahesabu vistari kwa ukucha, kimoja kimoja. Hakunitazama. Akamgeukia mwalimu.

"Andika," akasema. "Ni kweli."

Mwanao, wa mizani